Angalia Kiunoni: Ngozi, Bastola na Makasi ya Cucu

Wacha nianze na kukiri. Nilianza kushona ngozi kwa sababu ya vidio. Ilikuwa likizo ndefu, niko nyumbani Nyeri, bando imebaki kidogo, na TikTok ikaamua kunionyesha Wamarekani wenye ndevu wakiwa kwenye gereji zao wanatengeneza holista. Holista ni ile ala ya ngozi ya kubebea bastola kiunoni. Jamaa anachukua kipande cha ngozi, anakiloweka, anakifinyilia juu ya bastola ya plastiki ya bluu, anatoboa mashimo, anashona, anapaka nta, imeisha. Hakuna anayeongea. Ni nyundo tu: ko, ko, ko. Nikatazama moja, nikatazama kumi. Kufika saa nane usiku nilikuwa nimeamua kwamba hata mimi nitatengeneza.

Shida ilikuwa moja. Sina bastola, na sina beste aliye na bastola. Hapa kwetu bastola ni ya polisi na ya watu wachache wenye leseni, na wengi wao hawapendi ujue wanayo. Sasa ukishona holista Nyeri, utaweka nini ndani? Simu?

Usicheke. Simu ndiyo jibu ambalo mababa zetu walitoa. Kama ulizaliwa kabla ya 2005 unakumbuka: buda anatoka nyumbani Jumapili, suti ya kahawia, na kwa mshipi kuna kifuko cheusi cha ngozi chenye kifuniko cha sumaku. Ndani kuna Nokia. Ikilia, anaichomoa kama shujaa wa sinema. Hiyo ilikuwa holista, wasee. Tulikuwa nazo kila nyumba na hatukujua jina lake.

Mimi niliamua kushonea makasi. Cucu yangu ana kahawa, miti michache tu, na ana makasi ya kupogolea ambayo huyabeba kwenye mfuko wa aproni. Mfuko umetoboka mara tatu, na mara moja yalimkata paja. Nikasema: sawa, holista yangu ya kwanza itakuwa ya makasi ya cucu. Nilidhani natengeneza kontenti. Nikajikuta nimechimba kitu ambacho familia yetu ilikuwa imefukia.

Kazi yenyewe

Kabla ya historia, wacha nikuambie kazi inavyoenda, kwa sababu bila hii hutaelewa mambo ya mbele.

Jaribio la kwanza nilikata mkoba wa zamani wa mathee. Ngozi laini, nzuri. Nikailoweka, nikafinya, nikaacha ikauke. Kesho yake ilikuwa imelala kama kitambaa cha vyombo. Nikampelekea fundi wa viatu mmoja hapa mjini. Akaikunja mara moja akanirudishia. Akaniambia ngozi ni za aina mbili. Kuna ile inayotengenezwa kwa kemikali za kromu. Ikitoka kwenye pipa huwa na rangi ya buluu, inakuwa laini, inafaa viatu na mikoba, lakini haishiki umbo. Halafu kuna ile inayotengenezwa kwa maji ya magome ya miti. Hiyo ni ngumu kidogo, rangi ya chai ya maziwa, na ukiiloweka ukaifinya juu ya kitu, ikikauka inakumbuka kile kitu.

Hilo neno lilinikaa. Inakumbuka.

Kwa hivyo nikatafuta ngozi ya magome, unene kama milimita tatu. Safari ya Kariokor, Nairobi, na pesa yangu ya chakula cha siku nne. Nikachora makasi kwenye katoni, nikaacha nafasi pande zote, kwa sababu ngozi ina unene na makasi yana unene, na ukisahau hilo kifuko hakiingii kitu. Hivyo ndivyo jaribio la pili lilivyokufa. La tatu likakubali. Unakata kwa wembe mkali, unapaka gundi ya viatu kwenye kingo, unagonga kidogo. Unatumia uma wa kula kuweka alama za mashimo ili yakae sawa, halafu unatoboa kwa msharasi, ule mdukuo wa fundi wa viatu. Unashona na sindano mbili, uzi mmoja, kila sindano inapita kwenye shimo lilelile kutoka upande wake. Uzi ukikatika mahali, mshono wote hauachii, kwa sababu kila upande unajishikilia.

Halafu unaloweka kwenye maji ya uvuguvugu, unafunga makasi kwa karatasi ya mkate (mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2017, kwa hivyo karatasi ya mkate ni mali siku hizi), unayaingiza, na unafinya na mgongo wa kijiko mpaka umbo litokee. Unaacha ikauke kivulini. Ukiharakisha kwa jiko, inapasuka. Mwisho unapaka nta ya nyuki.

Nikaongeza kifuniko juu, chenye kifungo cha shaba, kwa sababu zile za kwenye vidio zilikuwa nacho na kilikaa fiti. Kumbuka hicho kifuniko.

Ala yetu ilikuwa nyekundu

Nikiwa bado najisifu, guka mmoja jirani alikuja akaishika, akaigeuzageuza, akauliza: "Hii ni njora ya nini?"

Njora. Nilikuwa nimesikia hilo neno kwenye ngoma za harusi na sikujua maana. Njora ni ala ya upanga wa Kikuyu, ule upanga mfupi unaoitwa rũhĩũ, mpana karibu na ncha na mwembamba karibu na mpini. Ala yake ilivalishwa ngozi na kupakwa nyekundu, na ilining'inia kwenye mshipi wa ngozi. Kwa maneno mengine, mimi nilikuwa nimevuka bahari kwa simu kutafuta kitu ambacho watu wa milima hii walikuwa wanakivaa zamani sana kabla Nyeri haijaitwa mji. Mji wenyewe ulianza Desemba 1902 kama ngome ya Waingereza, iliyowekwa na afisa anayeitwa Richard Meinertzhagen. Njora ilikuwa hapa ikimngoja.

Na haikuwa njora tu. Ngozi ilikuwa nguo. Mbuzi na kondoo walichunwa, ngozi ikatandazwa chini na kufungwa kwa vigingi, ikakwaruzwa, ikalainishwa kwa mafuta. Wanawake walivaa sketi na joho la ngozi. Ngozi ilikuwa pia kamba: mũkwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso kubebea kuni. Kama una cucu wa rika la zamani, angalia paji lake vizuri. Wengine wana mfereji mdogo pale. Ngozi iliandika juu ya ngozi.

Jomo Kenyatta aliandika kuhusu utengenezaji wa ngozi kwenye kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, pamoja na ufuaji wa chuma, ufinyanzi na ususi wa vikapu. Na kwenye picha ya mwanzo ya kitabu hicho, mtu ambaye alikuwa anavaa suti London kila siku amevaa joho la manyoya na anagusa ncha ya mkuki. Fikiria hiyo picha. Alijua Mzungu anaionaje ngozi, na akaamua kuivaa hivyo hivyo.

Kwa sababu wakati huo ngozi ilikuwa imeshakuwa aibu. Misheni zilifika, Waskoti wakakaa Tumutumu karibu na Karatina, Wakatoliki wa Consolata wakakaa upande wa Nyeri mjini na Tetu, na mtu wa kusoma alitambulika kwa nguo ya kitambaa. Mtu wa ngozi alikuwa mtu wa gizani. Katika kizazi kimoja au viwili, fundi wa ngozi aligeuka kutoka mtu wa maana hadi mtu wa kushona viatu vya wengine kando ya barabara. Nafikiri hapo ndipo tulipopoteza kitu. Najua dunia ilibadilika, na mimi mwenyewe sitaki kwenda kanisani na ngozi ya mbuzi. Lakini mikono iliambiwa kwamba inachokijua si maarifa, na mikono ikiambiwa hivyo kwa muda mrefu, inasahau.

Mti tulioruhusiwa

Kuna mti unaoitwa muthanduku. Umeuona. Uko kando ya mashamba kutoka Othaya hadi Murang'a, maua ya manjano hafifu, majani madogo madogo, watu wanauchoma makaa. Asili yake ni Australia. Wakoloni waliuleta mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia Afrika Kusini, na gome lake ndilo lililokuwa mali: limejaa ule utomvu mkali unaogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya kudumu. Miaka ya 1930 wakulima wa Kikuyu walikuwa wanaupanda kwa wingi, wanabambua magome, wanayafunga mafungu na kuyauza. Magome na juisi yake vikaenda ng'ambo kutengenezea ngozi za watu wengine.

Kwa nini muthanduku na si kahawa? Kwa sababu kahawa ilikuwa ya Mzungu. Mwafrika wa Nyeri hakuruhusiwa kupanda kahawa. Meru na Embu walianza kujaribiwa miaka ya 1930, lakini wilaya za Wakikuyu, zilizopakana na mashamba makubwa ya walowezi, zilibidi zingoje. Kahawa ya wakulima wadogo ilifunguliwa kweli miaka ya 1950, na mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliosukuma hiyo kazi, wakati huohuo serikali ikipigana vita na wakulima haohao.

Sasa tazama kile nilichokuwa nacho mkononi. Ngozi ya magome, kwa ajili ya makasi ya kahawa. Mti tulioruhusiwa umevaa chuma cha mti tulionyimwa. Sikupanga hivyo. Nilikuwa tu nataka vidio ya dakika moja.

Bunduki ya nani

Kuna kitu cha ajabu kuhusu Nyeri. Mji huu mdogo umezikwa watu wawili mashuhuri wa bunduki na porini. Mmoja ni Baden-Powell, mwanajeshi aliyeanzisha Skauti, aliyeishi kwenye nyumba yake Paxtu pale Outspan na kufa 8 Januari 1941. Mwingine ni Jim Corbett, mwindaji wa chui na simbamarara wa India, aliyekaa nyumba hiyohiyo baadaye na kufa 1955. Usiku wa 5 kuamkia 6 Februari 1952, Princess Elizabeth alilala Treetops, ile hoteli ya juu ya mti msitu wa Aberdare, na usiku huo baba yake akafa na yeye akawa malkia. Corbett alikuwa hapo. Watalii wanaipenda hiyo hadithi, na makaburi yana maua.

Miezi minane baadaye, 20 Oktoba 1952, gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Msitu uleule ukajaa vijana wetu. Mei 1954 wapiganaji wakaichoma Treetops.

Hao vijana walienda msituni na bunduki chache sana. Nyingi walijitengenezea. Ziliitwa banda: bomba la maji ndilo mtutu, komeo la mlango ndilo kigonga risasi, mpira wa tyubu au springi ya kulivuta, na mti wa kuchonga kwa kitako. Wakati mwingine zilimlipukia mwenyewe. Nguo zilipoisha, walirudi kwenye ngozi. Waliwinda, wakachuna, wakalainisha, wakajishonea makoti na kofia. Hebu pima hilo: watu waliosoma misheni, waliofundishwa kwamba ngozi ni ushenzi, na wengine waliopigana Burma na jeshi la Mwingereza, walikaa chini ya mianzi kwenye baridi ya Aberdare na Mlima Kenya wakikumbuka jinsi guka alivyokuwa anakwaruza ngozi. Hawakuwa na vidio. Na haikuwa hobi.

Na sheria ya wakati huo iliangalia kiunoni. Waruhiu Itote, yule tunayemwita Jenerali China, alikamatwa Januari 1954 na kushtakiwa hapa Nyeri kwa kushirikiana na watu wenye silaha na kupatikana na risasi. Akahukumiwa kifo, baadaye ikabadilishwa kuwa kifungo. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa alfajiri ya 21 Oktoba 1956 hapa upande wa Tetu, amevaa koti la ngozi ya chui. Ile picha unaijua: amelala kwenye machela, mikono imefungwa pingu, anaangalia kamera. Kesi yake ilisikizwa Nyeri mwezi uliofuata. Watu wengi wanadhani alishtakiwa kwa mauaji. Hapana. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi. Akanyongwa Kamiti 18 Februari 1957, kaburi lisilojulikana.

Kwa hivyo Nyeri hiihii, ndani ya miaka michache: mtu mmoja mwenye bunduki msituni ni hadithi nzuri ya watalii, mwingine mwenye bastola msituni anapelekwa kitanzini. Ngozi ilikuwa ngozi na chuma kilikuwa chuma. Tofauti ilikuwa kiuno cha nani.

Cucu

Siku ya kumpelekea cucu zawadi yake nilikuwa nimeweka simu kwenye dirisha inarekodi. Nilitaka ile sura ya furaha. Mimi nimepewa jina la guka, kwa hivyo cucu huniita mume wake, na hupenda kunitania mbele ya watu. Nilijua atatania.

Hakutania. Aliichukua, akafungua kile kifuniko, akakifunga. Kifungo kikalia: tak. Akakifungua tena, akakifunga. Tak. Halafu akaiweka juu ya meza taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha moto.

Akasema, "Hii ni kama ya ngati."

Ngati ni homugadi. Wale wetu waliobeba bunduki upande wa serikali. Mimi nikazima simu. Hiyo vidio haitawahi kuona jua.

Cucu alikuwa na miaka saba walipohamishiwa kijijini 1954. Ukisikia "kijiji" kwenye historia ya hapa usifikirie nyasi na mbuzi. Zaidi ya watu milioni moja walitolewa kwenye mashamba yao yaliyotawanyika na kurundikwa vijiji vilivyozungukwa na mitaro yenye vijiti vilivyochongwa, na lango moja, na kambi ya homugadi inayoangalia kila kitu. Ukitoka nje ya saa zilizowekwa, unapigwa risasi. Cucu aliniambia kitu ambacho sijasoma popote. Alisema, "Mimi sikujua nyuso zao. Nilikuwa mdogo. Macho yangu yalifika hapa," akajigusa kiunoni. "Kila asubuhi tukipita langoni kwenda kutafuta maji, niliangalia hapa. Kama kifuniko kimefungwa, tunapita. Kama kimefunguliwa, mama ananivuta mkono turudi."

Huyo mtoto alisoma siasa ya nchi nzima kwenye kifungo kimoja cha shaba.

Nikamuuliza kama mwenye hicho kifuko alikuwa mtu anayemjua. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema ndiyo, alikuwa mtu wa kwetu, na kwamba watoto wake tunakutana nao kanisani, na kwamba mimi sitamuuliza jina. Sikumuuliza. Na hapa sitabuni.

Lakini nitasema hivi. Tunapenda kuzungumza kuhusu 1952 kama mechi ya sisi na wao. Pale Nairobi kuna sanamu ya Kimathi tangu 2007, bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine, na sisi sote tunapiga selfi hapo kama watoto wake. Hesabu haikubali. Hatuwezi sote kuwa wajukuu wa msituni. Kwenye vijiji vya hapa, njora na holista zilitoka kwa ukoo mmoja, wakati mwingine nyumba moja. Wale waliokuwa na kifuniko cha shaba wengi walipata mashamba mazuri na karo za shule. Wale wa msituni wengi walirudi wakakuta shamba limegawanywa. Nyumba nyingi zilinyamaza ili zikae pamoja, na hicho kimya ndicho tulichorithi.

Sisi pia tuliangalia

Ungedhani hiyo ni mambo ya wazee. Juni 2024 tulikuwa barabarani, karibu kila mji, hata huku mlimani. Bendera, chupa ya maji, simu. Ujumbe wa kwanza kabisa ambao mbogi yetu ilitumiana asubuhi haukuwa kuhusu Mswada wa Fedha. Ulikuwa ushauri: ukiona mtu mzima amevaa jaketi ya kawaida, hana bango, haimbi, usiangalie uso. Angalia kiunoni, kama jaketi imevimba upande mmoja.

Nikamwambia cucu hivyo. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. Akasema, "Basi umekua."

Miaka sabini kati yetu, na tumefundishwa somo moja kuhusu pale pa kuangalia.

Kwa hivyo nasemaje?

Nasema mambo matatu, halafu niwaache.

Kwanza, jifunzeni hii kazi. Ngozi ni hobi ya bei nafuu kuanza: msharasi, sindano mbili, uzi, nta, kipande cha ngozi. Tuko kwenye nchi yenye ng'ombe na mbuzi kila kona, na bado ngozi nyingi inatoka nje ikiwa ya buluu, nusu tayari, halafu inarudi kama kiatu ambacho huwezi kununua. Hapa nje ya mji kwenye barabara ya Mweiga kuna chuo kikuu chenye jina la Dedan Kimathi, na kinafundisha teknolojia ya ngozi. Mtu aliyekamatwa na koti la ngozi ya chui, jina lake liko kwenye lango ambalo watoto wanaingia kusomea ngozi. Hiyo ni historia inayofanya kazi, kama tutaiacha ifanye.

Pili, holista ya bastola iacheni kwa sasa. Si kwa sababu ni dhambi, na Wamarekani wa kwenye gereji hawajanikosea. Lakini kitu hubeba mahali kilikotoka. Hapa kwetu kijana mwenye kitu kama hicho kiunoni anatafuta laiki na anaweza kupata risasi. Na kuna cucu mahali fulani kwenye matatu ambaye macho yake bado yanafika pale. Shona ala ya makasi, ya panga, ya nyundo, ya simu ya buda wako. Kazi ni ileile na mshono ni uleule.

Tatu, ukimaliza kushona, mpe mtu mzee akishike kabla ya kukipiga picha. Usirekodi. Ngoja aseme. Desemba 1963, wapiganaji walitoka msituni wakaja uwanja wa Ruring'u, hapa karibu na ninapopandia matatu, na bunduki zao za komeo na manyoya yao. Nchi ikawapigia makofi siku chache, halafu ikawaambia wasahau. Waliobaki wanaokumbuka kwa macho yao ni wachache sana sasa, na kila mwezi kuna matanga. Ngozi ya magome inakumbuka umbo la kitu hata ukikitoa ndani. Watu pia. Lakini watu wanakufa.

Cucu alikubali ile zawadi mwishowe. Alisema ngozi ni nzuri na mshono umenyooka, na kwamba guka angeifurahia. Alikuwa na sharti moja. Akanipa wembe wa jikoni akasema, "Toa kifuniko, mume wangu. Makasi hayana siri."

Nikakikata hapo hapo, mbele yake. Sasa makasi yanaonekana wazi, mpini juu, na ananing'iniza kwa mshipi anapoenda kupogoa. Kwenye ngozi kuna matundu mawili madogo, pale kifungo cha shaba kilipokuwa. Nilitaka kuyaziba. Amekataa.